Miparachichi inanyauka ilhali udongo umelowa: tatizo liko kwenye mizizi

*"Habari mtaalamu. Nina shamba la ekari moja na nusu hapa Njombe, miti 120 ya parachichi aina ya Hass, sasa ina miaka minne. Sehemu ya juu ya shamba miti ni mizuri. Huku chini, karibu na bonde, miti 17 ina majani madogo ya njano yanayoning'inia kama yamekosa maji, na ncha za matawi zinakauka kuanzia juu. Mwaka jana ilikuwa miti sita tu. Nimeongeza maji, nimeongeza mbolea ya CAN na samadi, haikusaidia. Muuza pembejeo alinipa kopa (dawa ya shaba), nikapulizia mara mbili na iliyobaki nikamwagia shinani. Mti mmoja nimekuta una mchwa kwenye gamba. Ajabu ni kwamba mti uliokonda kuliko yote ndio uliozaa sana, ila matunda madogo madogo. Je, ni mchwa, ni upungufu wa mbolea, au ni ugonjwa? Niing'oe yote nipande mingine palepale?"*

Pole sana, ndugu mkulima. Umeeleza vizuri kiasi kwamba nusu ya jibu unayo tayari. Miti inayoumwa iko upande wa bondeni, idadi yake imepanda kutoka sita hadi 17 ndani ya mwaka mmoja, na inanyauka ilhali unaimwagilia. Mambo hayo matatu yakikutana kwenye shamba la parachichi, mtuhumiwa wa kwanza ni kuoza kwa mizizi, ugonjwa unaoletwa na kimelea cha udongoni kiitwacho Phytophthora cinnamomi. Hizo ni tuhuma, bado si hukumu, na nitakueleza namna ya kuzithibitisha mwenyewe kwa jembe na kikombe. Ila kuna hatua isiyosubiri: leo hii funga maji kwenye miti hiyo 17, na usiitie mbolea tena mpaka uwe umefukua na kuiona mizizi.

Mparachichi asili yake ni misitu ya milimani ya Meksiko na Amerika ya Kati. Mizizi yake minene kazi yake ni kuushikilia mti. Vinavyonyonya maji na chakula ni vimizizi vyembamba, vyeupe, vinavyokatika kirahisi, na vingi kati yake viko kwenye sentimita 30 za juu za udongo. Vingine hupanda kabisa hadi ndani ya majani yaliyooza juu ya ardhi. Mazao mengi yana vinyweleo kwenye mizizi vinavyoongeza eneo la kunyonya. Mparachichi karibu hauna. Ndiyo maana unataka unyevu muda wote, na hewa muda wote. Udongo ukijaa maji kwa siku mbili mfululizo hewa inaisha, na vimizizi vinaanza kufa hata kama hakuna ugonjwa wowote shambani.

Sasa ongeza kimelea. Wakulima wa viazi wa Njombe wanamjua ndugu yake vizuri: ukungu unaounguza majani ya viazi msimu wa mvua na baridi ni wa ukoo huohuo wa Phytophthora. Huwa tunaviita ukungu, lakini havimo kwenye kundi la kuvu halisi, na hilo lina maana kwenye matandazo, tutalifikia. Kimelea hiki cha mizizi hutoa spora, yaani vimbegu vyake vidogo sana, zenye mikia miwili ambazo zinaogelea. Udongo ukiwa na hewa ndani ya matundu yake, spora hazina pa kuogelea. Matundu yakijaa maji, zinasafiri zikifuata sukari na asidi zinazovuja kwenye ncha za vimizizi, zinajibandika hapo, zinapenya, na ndani ya siku chache kimizizi kinageuka cheusi. Kikifa, kimelea hutengeneza spora nyingine zenye ganda nene zinazoweza kulala udongoni miaka kadhaa zikisubiri mvua. Maji yanayotiririka juu ya ardhi huzihamisha kuelekea bondeni, na huko bondeni ndiko maji yanakotuama. Ndiyo sababu ugonjwa umeanzia huko chini kwako.

Basi fikiria mti uliopoteza nusu ya vimizizi vyake. Umesimama ndani ya maji lakini hauna cha kunyonyea, hivyo majani yananing'inia. Mwenye shamba akiyaona anadhani ni kiu, anaongeza maji, matundu ya udongo yanajaa zaidi, spora zinaogelea zaidi. Kuna jambo jingine wengi hawaligundui: mti wenye majani machache hutumia maji kidogo kuliko mti wenye afya. Kwa hiyo hata kama hukuongeza kitu, ukiimwagilia miti yote kwa kiasi kilekile, ule mgonjwa unazama wakati jirani yake anakunywa kawaida. Mbolea nayo ni hivyohivyo. CAN ni chumvi, na chumvi isiyonyonywa inabaki kuunguza vimizizi vichache vilivyosalia. Njano unayoiona kwenye majani huenda kweli ni upungufu wa naitrojeni, lakini chakula kimo udongoni, mti ndio hauwezi kukila.

Na yale matunda mengi? Hiyo si dalili njema. Mparachichi unaoelekea kufa mara nyingi hutoa maua kwa wingi na kushika matunda mengi kuliko uwezo wake, halafu yanabaki madogo na yanababuka kwa jua kwa sababu hakuna majani ya kuyafunika. Wakulima wengi hufurahia msimu huo, kisha msimu unaofuata mti haupo.

Kuhusu mchwa, waondolee hatia. Mchwa kwenye mti wa miaka minne ni waombolezaji waliofika msibani. Wanafuata gamba na mti uliokwisha kufa. Wangekuwa ndio chanzo, ungekuta njia zao za udongo kwenye miti mizima ya juu pia. Kwangua vichuguu vyao shinani, ondoa mti mkavu, basi. Usithubutu kupaka mafuta machafu ya gari kwenye shina, desturi ambayo bado ipo mahali pengi, kwani mafuta yanaua gamba hai na kuchafua udongo palepale kwenye vimizizi.

Twende shambani. Chagua mti unaoumwa wastani, usichague uliokwisha kufa. Simama pale kivuli cha matawi kinapoishia, sogea ndani hatua moja, ondoa majani ya juu, fukua polepole kwa mkono au kijiko cha bustani hadi sentimita 15, upana wa karai moja. Fanya hivyo pande mbili za mti. Halafu nenda ukafanye vilevile kwenye mti mzima wa juu, ili macho yako yapate kipimo. Kwenye mti mzima utakuta vimizizi vyeupe au vya rangi ya maziwa, vigumu kidogo, vimetapakaa. Kwenye mti wenye ugonjwa utakuta vichache, vyeusi, na ukivivuta ganda la nje linachomoka na kuacha uzi mwembamba katikati. Mizizi minene kuliko penseli mara nyingi itakuwa haijaguswa. Ukikosa vimizizi kabisa, hilo nalo ni jibu.

Ukiwa umepiga magoti hapo, kagua mambo mengine matatu kabla hujafunga kesi. Kwanza, tafuta kiungio, pale kikonyo cha Hass kilipobebeshwa. Kikiwa kimefukiwa, au ukikuta kiriba cha nailoni hakikutolewa, au mizizi imejizungusha kwenye shina, basi kosa ni la siku ya kupanda. Pili, chana gamba dogo la shina usawa wa ardhi. Ukiona utando mweupe mzito, uliotandaa kama kipepeo cha kujipepea kati ya gamba na mti, wenye harufu ya uyoga, huo ni ugonjwa mwingine, Armillaria, unaotoka kwenye visiki vya miti ya msitu vilivyoachwa ardhini, na tiba yake ni tofauti: mti unang'olewa na visiki vyote na mizizi yake vinachimbuliwa. Tatu, uliza kama mti ulinyauka ghafla upande mmoja, majani yakakauka yakabaki yamening'inia. Kata tawi hilo mshazari. Michirizi ya kahawia ndani ya mti inaashiria mnyauko wa Verticillium, na huo mara nyingine mti hujiponea wenyewe kwa kutoa machipukizi mapya ikiwa utatunzwa. Maelezo yako hayaelekei huko, lakini kuangalia ni dakika mbili.

Kuna kipimo cha nyumbani ambacho hata watafiti wamekitumia kwa miaka mingi. Chukua kikombe, weka udongo pamoja na vimizizi kutoka chini ya mti mgonjwa hadi robo yake. Mimina maji safi yasiyo na dawa, yapite juu ya udongo sentimita tatu au nne. Weka tunda la parachichi bichi, gumu, lisilo na mkwaruzo wowote, nusu yake ikiwa majini na nusu nje. Acha kivulini ndani ya nyumba siku tatu hadi tano. Njombe wakati wa baridi inaweza kuchukua siku zaidi, hivyo weka jikoni kwenye joto kidogo. Andaa kikombe cha pili chenye udongo wa mti mzima, na cha tatu chenye maji matupu. Madoa ya kahawia, makavu, yanayoanzia pale maji yalipoishia kwenye ganda, yakitokea kikombe cha kwanza na yasitokee cha tatu, yanaunga mkono tuhuma zetu. Doa laini lenye harufu mbaya ni uozo wa bakteria tu. Na doa lisipotokea usishangilie bado, kwani kimelea huwa hakitoki kwa urahisi kwenye vimizizi vilivyokwisha kufa kabisa.

Tukichukulia kwamba mizizi imekuonyesha weusi, kazi ya kwanza ni maji, na dawa inakuja baadaye sana. Nalisisitiza kwa sababu wakulima wengi huanzia dukani. Dawa yoyote utakayoweka kwenye udongo uliotuama maji ni fedha iliyotupwa.

Chimba shimo la kina cha sentimita 60 na upana wa sentimita 30 kati ya miti inayoumwa. Lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, kisha weka kijiti chenye alama na usubiri saa moja. Maji yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, udongo huo haupitishi maji vizuri na mparachichi hautastawi hapo bila kuinuliwa. Hilo shimo litakuamulia mengi.

Kisha zuia maji yanayotoka juu. Chimba mfereji wa kukinga maji unaokata mteremko, juu kidogo ya mstari wa kwanza wa miti mgonjwa, kina cha sentimita 40 hadi 60, wenye mwinamo mdogo wa kuyapeleka pembeni kwenye nyasi, yasipite tena ndani ya shamba. Usiupitishe chini ya matawi ukakata mizizi. Vile visahani tunavyochimba kuzunguka shina ili maji yakae, vinafaa kiangazi kwenye udongo wa kichanga. Kwenye mfinyanzi wa bondeni, mvua za Novemba hadi Aprili zinavigeuza mabwawa. Vibomoe sasa, na upandishe udongo kidogo upande wa shina ili maji yaondoke, bila kufukia kiungio.

Kumwagilia utarudia kiangazi, lakini kwa kupima. Fukua sentimita 15, shika udongo, ukamue kiganjani. Ukitoa maji au ukiacha kiganja kimelowa, usimwagilie. Ukifanya donge linalovunjika ukiligusa, ni wakati wa maji kidogo. Ukimwagika kabla ya kufanya donge, umechelewa. Kama unatumia matone, weka koki kwenye mstari wa miti mgonjwa ili uimwagilie peke yake, kidogo na mara nyingi, maana mizizi iliyosalia ni mifupi na iko juu.

Baada ya maji, matandazo, na hapa Njombe una bahati kubwa. Magamba ya miti, maranda na matawi ya miwati yaliyokatwakatwa yako kila penye kiwanda cha mbao. Tandaza tabaka la sentimita 10 hadi 15 kuanzia sentimita 20 kutoka kwenye shina hadi kupita kidogo ukingo wa kivuli. Usiguse shina, litaoza. Chagua vipande vikubwa vya kimti. Vumbi laini la mbao hujibana likazuia hewa, na majani mabichi tupu huisha upesi. Faida yake si kutunza unyevu peke yake. Ukuta wa seli za Phytophthora una selulosi ndani yake, kitu kilekile kilichomo kwenye mbao, wakati kuvu wengi wa kawaida hawana. Kuvu wanaoozesha mbao za matandazo hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha selulosi, na vimeng'enya hivyo vinaushambulia ukuta wa kimelea. Vimizizi vipya vikipanda kuingia kwenye tabaka hilo, vinakuta mahali penye hewa na penye adui wa adui yao. Ila inachukua miezi mingi, na tabaka linapaswa kuongezwa kila mwaka. Usitumie mabaki ya miparachichi iliyokufa.

Pamoja na matandazo, jasi inasaidia. Kalsiamu yake hupunguza uwezo wa kimelea kutoa spora na hulegeza mfinyanzi. Kwa mti wenye matawi ya upana wa mita mbili, kilo mbili hadi tatu zilizotawanywa chini ya kivuli mara moja kwa mwaka zinatosha. Kama udongo wako una tindikali kali, kama ulivyo mwingi wa nyanda za juu kusini, chokaa ya kilimo inaweza kufaa zaidi, lakini hiyo usiweke kwa kukisia. Pima udongo kwanza. Mparachichi unapenda pH kati ya 5.5 na 6.5. Samadi ya kuku mbichi iache kabisa. Amonia yake inaunguza.

Juu ya ardhi, upunguzie mti mzigo. Vunja matunda yote ya miti iliyokonda, hata kama inauma. Kata matawi yaliyokauka mpaka kwenye mti hai, na kwa mti uliopoteza karibu nusu ya majani, punguza na matawi hai kiasi ili kilichobaki juu kilingane na mizizi iliyobaki chini. Matawi yaliyokuwa kivulini yakipigwa jua ghafla yanaungua gamba, hivyo yapake rangi nyeupe ya maji ya ukutani iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Rangi ya mafuta hapana.

Sasa dawa. Kopa uliyopewa haikuwa sumu wala ulaghai. Ni dawa nzuri ya madoa ya majani na ya matunda. Lakini inafanya kazi pale inapogusa tu, haisafiri ndani ya mti kwenda mizizini, na ukiimwaga shinani mara kwa mara shaba inajilimbikiza udongoni na kuumiza vimizizi vyenyewe. Acha kumwagia. Dawa zenye metalaksili, zilezile za viazi na nyanya, zinaweza kupunguza makali zikimwagiwa udongoni, hasa kwa miche michanga, ila vijidudu vya udongo hujifunza kuzila na kimelea huzizoea, kwa hiyo usizijengee matumaini ya miaka. Trikoderma, yaani kuvu rafiki wanaopambana na vimelea vya udongoni, zinafaa zaidi kitaluni na wakati wa kupanda, kama kinga. Mti uliokwisha kuoza mizizi hazitaufufua.

Dawa inayotegemewa zaidi duniani kwa ugonjwa huu ni kundi la fosfoneti: fosfoneti ya potasiamu, au fosetili-alumini inayogeuka kuwa kitu hichohicho ndani ya mti. Usichanganye na fosfeti iliyomo kwenye DAP au TSP. Hizo ni mbolea na haziuzuii ugonjwa. Fosfoneti husafiri ndani ya mti kwenda juu na chini, na ikifika mizizini inamdhoofisha kimelea na pia inauamsha mti ujilinde. Tatizo ni kwamba inafuata sehemu inayokua. Ukiiweka wakati mti unachipua, yote inakwenda kwenye machipukizi. Subiri majani mapya yakomae, yaache wekundu wake na ulaini wake, yawe ya kijani kilichokoza na magumu. Hapo ndipo chakula kinaanza kushuka kwenda mizizini, na dawa inashuka nacho. Kwa kawaida ni mara mbili kwa mwaka.

Mti wenye zaidi ya nusu ya majani yake unaweza kupuliziwa, kwa kipimo cha lebo na kwa dawa iliyosawazishwa pH karibu na 7, la sivyo itaunguza majani. Mti uliokonda zaidi hauna majani ya kupokea dawa, na huo hudungwa sindano shinani: tundu la milimita sita hivi, kina cha sentimita tatu hadi nne, limeinamia chini kidogo, sindano maalumu ya miti inabanwa humo na mti wenyewe unaivuta dawa. Kipimo kinachotumika sana ni mililita 15 za mchanganyiko wa asilimia 20 kwa kila mita ya upana wa matawi. Mti wa upana wa mita mbili unachukua mililita 30, yaani sindano mbili pande tofauti. Fanya asubuhi yenye jua, kati ya saa mbili na saa tano, mti unapovuta maji kwa nguvu. Upana upime baada ya kupogoa, maana dozi ya mti mkubwa kwenye mti uliokonda inaunguza. Kama hujawahi kufanya, mwite mtu anayejua kwa mti wa kwanza. Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, andika tarehe na kipimo, na mwambie mnunuzi wako kabla, kwani masoko ya Ulaya hupima mabaki ya dawa hii kwenye tunda.

Je, uing'oe yote 17? La, lakini si yote itakayobaki. Iliyobakiza zaidi ya nusu ya majani ina nafasi nzuri ukirekebisha maji na kuitibu mapema. Iliyo kati ya robo na nusu ni kamari. Kama fedha ni chache, ipe matandazo na upunguzaji wa matawi, na fosfoneti kama unaimudu, na uipe msimu mmoja wa kuchipua. Iliyo chini ya robo usiihangaikie. Ing'oe kiangazi udongo ukiwa mkavu, chimbua mizizi kadiri uwezavyo, ichome palepale bila kuiburuta kupita shamba zima. Na ujue kwamba kimelea hakiondoki udongoni. Unachofanya ni kukinyima maji ya kuogelea na kuusaidia mti ukue mizizi kwa kasi kuliko kinavyoila.

Kupanda parachichi nyingine palepale mwaka huohuo ni kumpelekea mtoto ugonjwa ulioua kaka yake. Tumia sehemu hiyo kwa mahindi, maharage, majani ya malisho au migomba. Usiweke makadamia wala miti ya mbao ukidhani umebadilisha zao, kwa sababu kimelea hiki kinashambulia maelfu ya aina za mimea, misonobari na baadhi ya mikaratusi ikiwemo. Ukirudi na parachichi baadaye, panda juu ya tuta la kimo cha sentimita 60 hadi mita moja na upana wa mita mbili na zaidi, na umuulize mwenye kitalu swali ambalo wengi hawaulizi: sehemu ya chini ya mche ni ya aina gani? Hass ni ile ya juu tu. Mizizi ni ya mche uliobebeshwa, na mingi hapa nchini ni mbegu yoyote ya parachichi la kienyeji. Kuna mashina ya chini yanayovumilia ugonjwa, Duke 7 na Dusa yakiwa yanayojulikana. Yanavumilia, hayana kinga kamili, na hugharimu zaidi. Kwa vyovyote, chana kiriba kimoja kabla ya kulipa. Vimizizi vyeusi chini ya kiriba, au miche iliyopangwa juu ya udongo wenye tope, ni sababu ya kuondoka bila kununua. Vitalu ni njia kubwa ya ugonjwa huu kuingia mashamba mapya.

Ile 103 ya juu ndiyo mali yako sasa. Kazi zote za shamba zianzie juu zimalizikie chini, kamwe zisiende kinyume. Majembe na mabuti yakitoka chini yaoshwe tope lote kwanza, kisha yapakwe spiriti ya asilimia 70, au dawa ya kung'arisha nguo sehemu moja kwa maji sehemu tisa. Dawa hiyo haifanyi kazi juu ya tope, na inakula chuma, hivyo suuza jembe baadaye. Ng'ombe wasipite kutoka bondeni kupanda juu. Mstari wa miti mizima ulio jirani na wagonjwa uhesabu kama umeshaguswa: upe matandazo na fosfoneti pamoja na wagonjwa.

Mbolea utarudisha ukiona machipukizi mapya yenye majani ya ukubwa wa kawaida. Anza na robo ya kipimo cha awali, uigawe mara kadhaa ndani ya mvua, na potasiamu iwe ya salfeti, kwa sababu mparachichi hauvumilii kloridi.

Mwite afisa ugani wa kata aje shambani mapema ikiwa shimo la majaribio halikupitisha maji, ikiwa umekuta utando mweupe chini ya gamba, au ikiwa miti ya juu imeanza kuonyesha njano. Kwa uthibitisho wa maabara, ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole pale Mbeya, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Morogoro, au TPHPA. Piga simu kwanza ujue wanapokea sampuli siku zipi na kwa gharama gani. Chukua nusu kilo ya udongo pamoja na vimizizi kutoka kina cha sentimita 5 hadi 20, chini ya mti unaoanza kuumwa, kwenye mpaka wa vimizizi vyeusi na vyeupe, kwani ndipo kimelea kilipo hai. Weka kwenye mfuko wa plastiki, udongo uwe na unyevu bila kuongezwa maji, usiuache juani wala ndani ya gari lililofungwa, na ufike maabara ndani ya siku mbili au tatu. Usichukue sampuli kutoka mti uliomwagiwa metalaksili au fosfoneti karibuni bila kuwaambia, maana dawa inaweza kukizuia kimelea kuota maabara hata kama kimo. Kopa uliyomwaga nayo itaje kwenye karatasi.